Njoo na Mzazi

4 Februari

Baba Chiriku,

Nimefika, nimepata chumba, na mlango unafungika. Mengine tutaongea Jumapili, ingawa simu ya Jumapili ni ya watoto. Wakishaanza kunyang'anyana, mimi na wewe hatupati hata salamu. Kwa hiyo ya watu wazima tuandikiane. Dereva wa lori la kiwanda anapita hapo kwenu kila wiki kushusha sabuni, na amekubali kubeba barua. Anasema hasomi barua za watu kwa sababu hata zake mwenyewe anaona uvivu kuzisoma.

Ofisi ni ndogo. Meza mbili, makabati ya mafaili, dirisha linalotazama geti. Meneja wetu wa rasilimali watu ni mama mmoja mkavu, miwani ameifunga kamba shingoni, na sijamwona akicheka. Siku ya kwanza alinizungusha kwenye vitengo nisalimie. Kwenye kitengo cha kufungashia nikasema "Hamjambo?" na wote wakasimama, watu wazima na ndevu zao, wakaitikia "Hatujambo, mwalimu!" Naapa sikuwa nimemwambia mtu nilikotoka.

Turudie tuliyokubaliana, yasije yakatuchanganya. Majaribio ni miezi sita. Wakinithibitisha mwisho wa Julai, naandika kuacha ualimu moja kwa moja, na Chiriku akimaliza mtihani wake mnahamia huku wote. Wasiponithibitisha, Mwalimu Mkuu amenitunzia nafasi yangu mpaka Agosti. Baada ya hapo atampa mtu mwingine, na mimi nitakuwa nimemwaga unga kotekote.

Wewe unajua sikuwakimbia watoto. Koo limekwisha kwa kupiga kelele, na mshahara ulikuwa unaisha kabla sijaufikisha nyumbani. Yale masomo ya jioni ya utawala wa wafanyakazi niliyoyasoma miaka miwili, huku nasahihisha madaftari gotini, nayo lazima yazae kitu.

Kitinda asikose dawa yake ya kifua. Chiriku asikae na redio, huu ndio mwaka wake.

Mkeo,
mwanafunzi mpya

13 Februari

Mama Chiriku,

Barua imefika ikinukia sabuni. Nimeisoma mara mbili kibandani, mara ya pili mteja akiwa amesimama na suruali mkononi anasubiri.

Hapa salama. Kazi zipo, mwanzo wa muhula kila mzazi anakumbuka ghafla kwamba mtoto ameota miguu. Kitinda anakohoa kidogo usiku, si sana. Jirani anamshika asubuhi kama mlivyopanga, na mchana Chiriku akirudi shule anamchukua.

Huyo Chiriku wako sasa ndiye mwenye nyumba. Anapika, anafua, jana kanigombeza kwa kuingia na viatu. Una mrithi. Nilipomwambia anaongea kama mama yake, aliongea mpaka nikaenda kulala.

Wewe jikaze kisabuni, na mahali penyewe ndipo hapo.

Fundi wako

19 Machi

Baba Chiriku,

Ualimu haunitoki. Juzi meneja alinikuta nasahihisha barua za maombi ya kazi kwa kalamu nyekundu. Mmoja nilishamwandikia pembeni "Jitahidi zaidi". Meneja akaichukua ile kalamu, akaitia mfukoni, akaenda zake bila neno.

Hilo ni dogo. Sikiliza hili.

Kule kufungashia yuko mwanamume mmoja, mvi zimeanza kumwingia, wanamwita Kimya kwa sababu hata salamu anaitikia kwa kichwa. Tangu mwezi uliopita anachelewa, na siku nyingine haji kabisa. Utaratibu hapa ni onyo la mdomo, onyo la maandishi, halafu kikao cha nidhamu, na ukifika kwenye kikao mara nyingi ndio umeshatoka. Nikamwita anieleze. Kimya. Nikamuuliza tena. Anatazama viatu vyake. Na wewe unajua mwalimu akinyamaziwa mori unavyompanda. Maneno yakanitoka yenyewe:

"Kesho usikanyage hapa bila mzazi wako!"

Karani wa mishahara akainama chini ya meza kutafuta kitu ambacho hakijaanguka. Niliona mabega yake yanatikisika. Nilitaka kusema natania, lakini Kimya alishaitikia, "Sawa, mwalimu," na kutoka. Sasa kiwanda kizima kinaulizana nani ataitiwa babu yake. Meneja yuko safarini mpaka keshokutwa. Naomba tu Kimya asahau.

Mkeo

24 Machi

Mama Chiriku,

Mbavu hazina mwenyewe! Nilicheka mpaka mteja niliyekuwa nampima akadhani nacheka kiuno chake, akataka kuondoka na kitambaa.

Lakini mke wangu, mtu wa mvi akinyamaza si mtukutu wa dawati la nyuma. Ana lake huyo.

Hapa shwari. Jirani aliyekuwa akimshika Kitinda amehama, mumewe kapata kazi kwingine. Tumepata namna. Chiriku hajambo, ila maneno yamempungua. Nadhani ni ukubwa.

Fundi wako

2 Aprili

Baba Chiriku,

Hakusahau. Alikuja na mama yake.

Bibi wa watu, kavaa nguo yake ya kutokea, kashika mkoba kwa mikono miwili. Nilipaswa kuomba radhi hapo hapo na kuwarudisha. Badala yake nilifanya kile mikono yangu inachokijua. Nikawapa viti, nikafungua faili, nikaanza kumsomea mama siku alizokosa mwanawe, moja baada ya nyingine. Bibi akasimama, akaniambia, "Mwalimu, nisamehe. Nimemlea mwenyewe, kama kuna kasoro ni yangu." Kimya akaanza kulia, machozi bila sauti. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Mama akamgeukia. "Waambie, mwanangu. Usipowaambia, nitawaambia mimi."

Mkewe amepata kazi ng'ambo. Kimya amebaki na binti wa darasa la kwanza. Asubuhi amwogeshe, amvalishe, ampeleke shule, ndipo akimbilie zamu. Mtoto akiumwa, anabaki naye. Bibi anaishi mbali, na kwake ana mgonjwa wa kumtazama. Nikamuuliza Kimya kwa nini hakusema mapema. Sijawahi kumsikia akiongea kirefu kiasi kile.

"Niseme nini, mwalimu? Kwamba nimechelewa zamu kwa sababu nilikuwa nasuka nywele?"

Meneja aliporudi alishasikia yote kuanzia getini. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Mambo ya mfanyakazi ni siri yake," aliniambia. "Wewe umemsomea faili lake mbele ya mama yake. Hapa hakuna wazazi wala wanafunzi." Akanipa onyo la maandishi. Kwa hiyo katika kesi ya Kimya, aliyepewa onyo ni mimi, na lipo kwenye faili langu nikiwa bado kwenye majaribio. Nilirudi chumbani nikalia, nakwambia wewe tu.

Zuri moja limetoka humo. Nimemhamishia Kimya zamu ya mchana. Asubuhi atampeleka mtoto bila kukimbia, saa nane ataingia kazini. Hajachelewa tena hata siku moja. Meneja aliitikia kwa kichwa, na kwake hiyo ni sherehe.

Mkeo

10 Aprili

Mama Chiriku,

Pole kwa onyo. Ningekuwa karibu ningekumiminia maji ya baridi, ukae, upumue.

Nina swali moja, nimekaa nalo kwenye cherehani siku nzima. Umempeleka huyo baba zamu ya mchana. Binti yake akitoka shule, anamkuta nani nyumbani?

Hapa hakuna jipya.

Fundi wako

18 Aprili

Baba Chiriku,

Ya kiwandani niachie mimi, nami ya cherehani nitakuachia wewe. Mtu alikuwa anafukuzwa, sasa hafukuzwi. Zaidi ya hapo unataka nikamlelee? Na hajalalamika.

Mbona barua zako zimekuwa fupi? Na Jumapili nikimuuliza Chiriku habari za shule, ananipa Kitinda niongee naye. Kuna nini? Kama ni fedha, sema. Kama mmechoka, sema. Mimi hapa nahesabiwa kila ninachofanya, siwezi kuwa napiga ramli ya nyumbani kwangu.

Mkeo

27 Aprili

Mama Chiriku,

Hakuna kitu. Kazi ni nyingi, mkono ukishika sindano mchana kutwa unakataa kalamu. Watoto wanakusalimu.

Fundi wako

2 Julai

Mama,

Shikamoo. Baba hajui kama nakuandikia. Barua nimempa dereva wa lori mwenyewe, alipokuwa anashusha sabuni dukani.

Mama, shuleni nimeambiwa nije na mzazi. Nimeambiwa tangu mwezi wa tano.

Jirani alipohama hakukuwa na mtu wa kumshika Kitinda asubuhi. Kibandani hawezi kwenda, vumbi la vitambaa linambana kifua. Baba akasema nibaki naye siku moja tu, atafute mtu. Halafu ikawa siku mojamoja. Baridi ilipoanza zikawa nyingi. Najua kumpa dawa, najua kumlaza kiupande mpaka pumzi itulie. Hajawahi kuzidiwa nikiwa naye.

Lakini Mwalimu Mkuu amesema mzazi asipokuja mwezi huu haniandikishi mtihani, nirudie darasa mwakani. Baba kila siku anasema atakwenda kesho. Nadhani anaona aibu, kwa sababu walimu wote wa pale ni rafiki zako.

Usimgombeze. Akirudi anachoka mpaka anasinzia na sindano mdomoni, mimi ndiye ninayeitoa. Mimi sijachoka sana. Ila mtihani nataka kufanya.

Njoo wewe. Wewe wanakujua.

Mwanao,
Chiriku

5 Julai

Baba watoto,

Nimejua. Usiulize kwa nani.

Miaka yote niliyoshika chaki niliwaita wazazi wa watoto watoro, nikawauliza usoni, "Nyumbani kuna nini?" Leo mtoro ni wangu, mwaka wa mtihani, na mimi niko huku napanga zamu za baba wa watu nikijiona hodari. Uliniuliza binti wa Kimya anamkuta nani nyumbani. Ulikuwa unaniuliza habari za nyumbani kwangu! Kwa nini hukusema kwa kinywa? Mimi ni mkeo, si askari.

Nitakwambia ninachofikiri, kisha unikatalie kama unaweza. Ulitaka nirudi, lakini hukutaka kuwa mtu aliyeniomba nirudi. Ukafunika kombe, ukangoja mambo yaharibike yenyewe, ili nirudi kwa miguu yangu na lawama isiwe yako. Na anayelipa ni mtoto.

Basi umeshinda. Kesho asubuhi nampelekea meneja barua ya kuacha kazi. Mwalimu Mkuu bado ana nafasi yangu. Mwambie Chiriku nakuja.

Mama yao

11 Julai

Mke wangu,

Siwezi kukukatalia. Nilitaka urudi. Nilikuwa namtazama mtoto anabaki nyumbani, najua si sawa, na moyoni nasema, ikizidi kidogo tu mama yake atarudi. Nimeona haya kuliandika hilo, lakini wewe umeshaliandika kabla yangu.

Dereva alinipa barua yako Jumanne asubuhi. Sikufungua kibanda. Nilimbeba Kitinda mgongoni kwa leso yako, nikaenda shuleni hivyo hivyo. Walimu wenzako walinitazama kupitia madirishani. Sijawahi kuona njia ndefu kama ule uwanja.

Mwalimu Mkuu akanikaribisha, akaniuliza mama yake Chiriku anakuja lini. Nikamwambia haji. Akasema jambo hili angependa kulizungumza na mzazi. Nikamwambia, "Mzazi ndiye mimi." Akasema anaelewa, lakini alimaanisha mama. Nikakaa kwenye kile kiti, mtoto mgongoni, nikamwambia, "Mwalimu, mtoto wangu amekosa shule kwa sababu yangu. Mama yake hakujua, mimi ndiye niliyejua. Niulize mimi." Basi akaniuliza, na akaniuliza kweli. Jasho lilinitoka. Kumbe kile kiti ndivyo kilivyo, nawe ulikuwa unawakalisha watu pale kila wiki!

Tumekubaliana hivi. Anamwandikisha mtihani. Chiriku asikose tena hata siku moja, na jioni abaki na walimu wa masomo aliyopitwa. Akikosa, anarudia darasa, na mimi nimeweka sahihi.

Kibanda nimekirudisha kwa mwenyewe. Cherehani iko sebuleni chini ya dirisha, vitambaa nimevifungia kule stoo, navikata nje uani ili vumbi lisiingie ndani. Wateja wa sokoni wengine wamenipotea, sitakudanganya. Kitinda anacheza na vifungo, tunaelewana.

Kama hujapeleka barua ya kuacha kazi, usiipeleke. Kama umeshaipeleka, basi urudi, nitakupokea, wala sitafurahi kama nilivyodhani ningefurahi.

Mumeo

18 Julai

Baba Chiriku,

Niliipeleka. Meneja aliisoma, akaipeleka mbali na miwani, akaisoma tena. Akasema, "Barua ya hasira siipokei. Ukae nayo, uniletee tena wiki ijayo ikiwa imepoa." Nilimwona mkatili. Lori likaingia Ijumaa na barua yako.

Nimeisoma nikiwa nimesimama getini, watu wanapita. Ile ya uwanja wa shule na leso yangu mgongoni kwako nimeirudia mpaka dereva akaniuliza kama kuna msiba. Bado nina hasira nawe, na nakupenda, na vyote viwili niko navyo humu ofisini mchana wa kazi.

Jumatatu nilimwambia meneja kuwa barua haikupoa, imekufa. Nikamweleza yote ya nyumbani, na ilinibidi nijikaze, kwa sababu ni mimi sasa niliyekuwa natazama viatu vyangu. Aliniuliza nahitaji nini. Nikamwomba likizo mwezi wa mtihani. Amenipa. Jana kasaini kunithibitisha, na lile onyo limebaki kwenye faili, amesema lina kazi ya kunikumbusha.

Zamu ya Kimya nimeibadilisha tena. Anaanza saa tatu asubuhi na kutoka mtoto anapotoka shule. Safari hii nilimuuliza kwanza. Kumbe muda wote mtoto alikuwa akishinda kwenye ngazi za jirani, na wakati mwingine jirani hayupo.

Nafasi yangu shuleni mwambie Mwalimu Mkuu ampe mwingine. Nimemwandikia pia.

Karatasi iliyo ndani ya bahasha hii mpe Chiriku aisome mwenyewe, kwa sauti, wewe ukiwepo.

Mkeo

18 Julai

Kwa: Chiriku
Nyumbani

YAH: KUSITISHWA KWA KAZI YA UMAMA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Uongozi umebaini kwamba tangu mwezi wa tatu umekuwa ukifanya kazi ya mama wa nyumba bila mkataba, bila likizo, na bila mtu kukuuliza kama unaitaka. Kosa hilo ni la uongozi. Kwa barua hii kazi hiyo imesitishwa, kuanzia utakapofika mwisho wa ukurasa huu.

Nafasi yako inachukuliwa na baba yako. Utamkabidhi dawa ya Kitinda, kijiko chake cha kupimia, funguo za jikoni na sufuria zote. Utamwonyesha jinsi ya kumlaza mtoto kiupande mpaka pumzi itulie, kisha utamwacha afanye mwenyewe, hata akikosea mara ya kwanza. Sindano mdomoni mwake ataitoa yeye.

Unarudishwa kwenye cheo chako cha awali, yaani mtoto, pamoja na haki zake zote. Utakwenda shule kila siku. Utanuna bila sababu. Utasinzia juu ya kitabu na kufunikwa shuka na mtu mwingine. Utaongea mpaka watu wazibe masikio, na uongozi unaomba hili lianze mapema, kwa sababu Jumapili kwenye simu umekuwa kimya na imeniumiza.

Ulisema nije mimi kwa sababu mimi wananijua. Mzazi wako ameshakwenda, na sasa wanamjua naye. Mimi nakuja mwezi wa mtihani, nitakusindikiza mpaka mlangoni.

Rufaa haitasikilizwa. Nimekaa na mafaili ya watu wengi hapa, na hakuna aliyefanya kazi vizuri kama ulivyofanya wewe, mwanangu, na haikuwa kazi yako. Nisamehe.

Mama yako,
Afisa Rasilimali Watu

Nakala: Baba yako, kwa utekelezaji.